Kipimo Nilichokiandika Kitandani

Usiku ule nililala mapema kwa sababu sikutaka kuwa macho. Asubuhi yake Neema alikuwa anahamia nyumba yake mpya, na mimi nilikuwa nimeombwa nisaidie kubeba vyombo vya jikoni. Nilikubali kwa tabasamu, kama nilivyokubali kila kitu tangu msingi wa nyumba ile ulipochimbwa. Nilipofika kwangu nikajifunika shuka hadi usoni, nikageukia ukutani.

Sijui nilikuwa nimelala kwa muda gani nilipokisikia kikohozi. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyemeza vumbi la chaki maisha yake yote. Nikafumbua macho, au niliota nimefumbua, na Mwalimu Anselimu alikuwa amesimama mlangoni amevaa lile sweta lake la kijani lenye viraka viwikoni. Nilijua kuwa amekufa. Nalisema hili kwa sababu watu wengi husimulia ndoto za marehemu wakadai kwamba walisahau. Mimi sikusahau hata kidogo. Siku ya mazishi yake nilikaa benchi la pili kanisani, nikalia kuliko Neema ambaye ndiye binti yake wa kumzaa, na watu wakanisifu kwa jinsi nilivyompenda mwalimu wangu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilikuwa ileile ya upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Kwa karibu mwaka mzima nilijua kwamba siku moja atakuja, na kila nilipoiwazia siku hiyo alikuja amekunja uso, nami nikawa nimejiandaa kwa maneno ya kujitetea. Sasa yale maneno yote hayakuwa na kazi.

Hakuingia ndani. Aligeuka akaanza kwenda, nami nikatoka kitandani kumfuata, na nje ya mlango wangu hapakuwa na ua wala kuku. Palikuwa na darasa la sita.

Madawati ni yaleyale yaliyochongwachongwa majina. Nimekaa dawati la mbele na miguu yangu haifiki chini, ingawa mikono ni hii ya sasa, ya mtu mzima. Juu ya meza ya mwalimu pana jiko la mkaa na sufuria ya maziwa. Hili lilitokea kweli. Kila mwaka, akifika kwenye mada ya gandunia, yaani ganda la nje la dunia, Mwalimu Anselimu alileta jiko darasani, akachemsha maziwa, akaepua, akangoja utando ujitandaze juu. Kisha alituita tuizunguke meza. Aliusukuma utando kwa vijiti viwili kutoka pande mbili, ukajikunja, ukainuka. Alisema hivyo ndivyo milima mikubwa ya dunia ilivyoinuka, bamba moja la ardhi likilisukuma jingine kwa miaka isiyohesabika, na ndiyo maana huko Asia watu hupanda mpaka kwenye theluji wakaokota konokono wa baharini waliogeuka mawe. Halafu aliuvuta utando huku na huku. Ukanyooka, ukawa mwembamba, ukachanika. Alingoja tunyamaze. Alituonyesha mpasuko ule kwa kijiti, kisha akaielekeza ncha ya kijiti kwenye sakafu tuliyoikanyaga.

"Hapa ndipo mnapokaa."

Siku ile ya kweli tulicheka. Mwenzetu mmoja aliuliza kama upande wa mashariki ukishajitenga tutahitaji pasi kwenda kumsalimu bibi. Mwalimu alimjibu kwa makini kabisa kwamba bibi atakuwa amekwisha kufa, na sisi tumekufa, na wajukuu wa wajukuu zetu nao, kwa kuwa nchi hizi huachana polepole kuliko kucha inavyoota. Kisha akagawa maziwa kwenye vikombe vya plastiki, tukayanywa pamoja na milima yake.

Ndotoni hakuna anayecheka. Darasa limejaa watoto ninaowafahamu na hakuna anayenitazama. Mwalimu ananiletea kikombe changu, naona utando umechanika katikati, na chini ya utando maziwa ni mekundu na bado yanachemka. Bibi yangu aliniasa nikiwa mdogo kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni usipokee. Nakipokea. Sinywi, nakishika tu kwa mikono miwili, na kadiri ninavyokishika kinazidi kuwa chembamba na baridi, mpaka nagundua kwamba nimeshika pete ya chuma iliyo mwishoni mwa tepu ya kupimia.

"Shika sifuri," Mwalimu ananiambia.

Ili neno hilo lieleweke inabidi niseme habari za kwetu. Kijiji chetu kiko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Manyara. Ukitazama magharibi unaona mlima umesimama kama ukuta, ukitazama mashariki ni tambarare mpaka macho yachoke. Nyuma ya mashamba ya vitunguu kuna ufa. Hautishi. Mbuzi mkubwa anauruka, mbuzi mdogo anatumbukia. Wazee wetu waliukuta pale, na mvua huufukia kwa udongo mwaka huu ikaufukua mwaka unaofuata. Mwalimu Anselimu alipohamishiwa kwetu akiwa kijana aliutazama ufa ule kwa siku kadhaa, kisha akachimbia nondo mbili kwenye mwamba, moja kila upande, akazimwagia zege, na akatangaza kwamba kila mwaka siku ya Sabasaba atapima umbali ulio kati ya nondo hizo.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuna aliyeweza kuubadilisha. Kupima ni alfajiri, kabla jua halijaipasha tepu, kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Wapimaji ni wawili. Mmoja anaishika pete ya tepu, yaani sifuri, kwenye nondo ya magharibi, mwingine anasoma kwenye nondo ya mashariki, kisha wanabadilishana. Kila mmoja anaandika alichokisoma kwenye karatasi yake bila kusema neno, na baada ya hapo ndipo karatasi zinafunuliwa. Zikitofautiana, kazi inaanza upya. Kipimo kilichosomwa na mtu mmoja hakiingizwi daftarini, hata mtu huyo akiwa ni yeye mwenyewe.

Nilimshikia sifuri kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi wake, baadaye nikiwa mwalimu mwenzake katika shule ileile. Namba ilikuwa ileile. Pengine ilipishana na ya mwaka uliopita kwa unene wa unywele, akaandika, akasema tungoje. Watu walimwita Bwana Ufa. Walimtania kwamba ameiposa ardhi na ardhi haijaleta jibu, naye alicheka nao. Aliyechoka kabisa na mambo hayo alikuwa Neema. Kiwanja kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo, chenye upepo na kinachotazama tambarare nzima, kilikuwa juu ya ufa huohuo, na baba yake alikataa katakata mtu yeyote kujenga pale. Neema alikuwa anapanga chumba kimoja na watoto wake watatu, huku kiwanja cha kwao kinalala bure. Nilimwonea huruma. Nilimheshimu Mwalimu, lakini moyoni nilimwona ana ukaidi wa watu waliosoma sana.

Basi ndotoni ninaishika sifuri kwenye nondo ya magharibi. Mwalimu anachukua kasha la tepu, anauruka ufa kwa wepesi ambao hakuwa nao hata ujanani, ananipa mgongo na kuondoka. Naisikia tepu ikitoka kwenye kasha, ule mlio mwembamba wa chuma kinachoteleza. Anaifikia nondo yake na hasimami. Nataka kumwambia Mwalimu umepita, na sauti haitoki. Ufa ulio kati yetu unafunguka bila kelele yoyote. Ardhi ya upande wake inakwenda naye.

Maji yanaingia kutoka kaskazini. Mwanzoni ni kijito cha chumvi kinachotambaa chini ya bonde, kisha ni ziwa, kisha siuoni mwisho wake, na nasikia harufu ya bahari mahali ambapo maisha yangu yote nimesikia harufu ya vitunguu. Mlima ulio nyuma yangu unapanda. Hauonekani ukipanda, ila kila nikigeuka uko juu zaidi, na kila nikigeuka tena mvua imeula, umeisha kama kipande cha sabuni kwenye karai. Kwa mbali Kilimanjaro inafuka moshi, inapoa, inavaa theluji, inaivua, inainama, haipo. Nchi yote ya mashariki inaondoka na pwani yake, na miji ambayo hakuna anayeikumbuka majina. Mgongoni nasikia, sijui kwa masikio yapi, ile pwani ya mbali ya magharibi ambayo Mwalimu alituonyesha kwenye ramani jinsi inavyooana na Amerika ya Kusini, kama vipande viwili vya sahani moja iliyovunjika. Nazo ziliachana hivi hivi. Huenda na kule kulikuwa na mtu amesimama ameshika sifuri.

Tepu imetanda juu ya maji yote hayo, imekaza, na bado inatoka. Kidole kinaniuma mahali pete ilipokaza lakini sithubutu kuiachia. Mwalimu amekuwa mdogo sana ng'ambo. Namwona amesimama ufukweni na sweta lake la kijani, anatazama huku na huku kwa furaha kama mtoto aliyepelekwa mjini, na ndipo aibu inaponishika. Alikuwa ameomba kuona unene wa kidole tu wa haya yote. Kidole kimoja katika maisha mazima, asingetaka zaidi. Nami ndiye niliyemnyima.

Anainama, anaandika kwenye karatasi yake, anaifunika kwa kiganja. Kisha ananiashiria niandike na mimi. Natazama karatasi iliyo mkononi mwangu. Imekwisha kuandikwa. Mwandiko ni wangu.

Ninapoinua macho bahari haipo. Nimesimama kando ya kitanda cha Mwalimu, katika chumba chake chenye harufu ya dawa ya kuchua.

Na hili nalo lilitokea kweli, na hadi usiku wa ndoto ile nilikuwa sijamwambia mtu.

Mwaka ule Mwalimu hakuweza tena kutembea. Mwezi wa Mei lilipita tetemeko dogo, lile la kawaida kwetu, sufuria zikagongana kabatini na watu wakaendelea kula. Yeye hakuliona la kawaida. Aliniita, akaniambia kwamba alilisikia mgongoni alipokuwa amelala, na kwamba lilitoka upande wa ufa. Alinikabidhi daftari na tepu, akaniomba mwaka huo niende na mtu makini. Macho yalikuwa yanamng'aa, yule mtu ambaye wiki nzima hakuwa amemaliza bakuli la uji. Nikamwahidi.

Siku ya kuamkia Sabasaba kulikuwa na sendofu ya binamu yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nami nilikuwa kwenye kamati. Nilirudi nyumbani viatu viko mkononi. Alfajiri nikamsikia jogoo. Nikafikiria baridi ya Julai, nikafikiria kwenda kumwamsha mlinzi wa shule anishikie sifuri, nikafikiria miaka yote ile ya namba ileile. Nikalivuta daftari lililokuwa kando ya mto wa kulalia. Nikaiandika namba ya mwaka uliopita kwenye karatasi moja kwa kalamu ya bluu, kisha nikaiandika kwenye karatasi ya pili kwa kalamu nyeusi, nikiupinda mwandiko uwe kama wa mlinzi. Nilikumbuka hata kuzikunja zote mbili, kana kwamba kweli zilifichwa zikafunuliwa. Kisha nikalala tena. Nililala vizuri sana, na katika yote niliyoyafanya hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Ndotoni najitahidi nifumbe mdomo. Mwalimu ananitazama kutoka kwenye mto. Neema amesimama mlangoni na bakuli, kama alivyokuwa amesimama siku ile. Mdomo wangu unafunguka wenyewe.

"Iko vilevile, Mwalimu."

 Naona kitu kikimtoka usoni ambacho hakikumrudia tena. Baadaye siku ile alisema labda mgongo wa mgonjwa husikia hata yasiyokuwepo. Kisha akamwita Neema akamwambia kiwanja ni chake, ajenge, yeye amewazuia watu bure miaka yote hii. Mimi nikaaga nikatoka. Wiki tano baadaye tulimzika.

Baada ya arobaini yake nilikwenda kwenye ufa peke yangu. Sikuwa na sababu ya maana, nadhani nilitaka ardhi iniambie kwamba uongo wangu ulikuwa kweli. Nondo zilikuwa zimeachana kwa vidole viwili zaidi. Nilipima mara tatu, nikahamisha tepu upande huu na ule, na kila mara vikawa vidole vilevile viwili. Hata kwa macho ilionekana, kingo za ufa zilikuwa mbichi na mizizi ya nyasi imening'inia hewani. Nikaikunja tepu, nikajiambia kwamba nimepima peke yangu, na kipimo cha mtu mmoja hakiingizwi daftarini. Nilijificha nyuma ya utaratibu wa marehemu mwenyewe.

Wakati huo mafundi walikuwa hawajachimba hata futi moja. Sentensi moja ingetosha. Kisha wakachimba, ikawa vigumu kusema. Wakafika kwenye lenta juu ya madirisha, ikawa vigumu zaidi. Zikaja kenchi za paa, yakaja mabati, na kila siku niliyonyamaza ikaifanya siku iliyofuata kuwa ngumu kuliko ile. Neema alifurahi mwaka ule kuliko nilivyowahi kumwona. Alinipeleka dukani nimsaidie kuchagua rangi ya sebule. Nilimchagulia, tena nilibishana naye kuhusu rangi ya madirisha, kama mtu ambaye dhamiri yake haina doa.

Ndotoni bakuli linamwanguka Neema mkononi na halitoi mlio, na tuko tena kwenye ufa. Ni alfajiri ya kijivu. Ufa umerudi upana wake wa kuruka mbuzi. Mwalimu amekaa kwenye jiwe upande wa pili, anairudisha tepu ndani ya kasha taratibu, na hatua chache kutoka alipo ile nyumba imesimama juu ya mpasuko, miguu huku na huku. Mlango uko wazi. Naona magodoro yametandikwa sakafuni na watoto watatu wamelala kwa mstari, yule mdogo amelala chali mdomo wazi. Na chini ya sakafu, wazi kabisa, nausikia ule mlio mwembamba wa chuma kinachoteleza.

Nikapiga magoti. Nikamwambia Mwalimu habari za sendofu, za kalamu mbili, za mwandiko wa mlinzi. Nikamwambia kuwa ardhi ilikuwa imemjibu, tena ilimjibu akiwa bado hai, na jibu lile nililikalia mimi. Nililia nikamwomba anisamehe kwa kumwacha afe akiamini kwamba maisha yake yote alikosea. Nilisema kwa muda mrefu, nikayarudia, na kila nilichosema kilimhusu yeye au kilinihusu mimi. Alinisikiliza huku anazungusha mkono wa kasha. Tepu ilipoisha kuingia aliinua uso, na nikaiona ile sura aliyokuwa nayo darasani pale mwanafunzi anapojibu kwa ufasaha swali ambalo hakuulizwa.

"Mimi huku nimeshajua, Paulina," akasema. "Asiyejua ni Neema."

Nikamuuliza ni lini. Nilitaka mwaka, nilitaka mwezi, nilitaka kusikia kwamba ni baada ya miaka elfu ili niweze kupumua. Akatikisa kichwa. Alisema, au nilielewa bila yeye kusema, kwamba hilo hata huko aliko halijulikani, kwamba ardhi ile ingeweza kutulia mpaka wajukuu wa watoto wale wazeeke, na ingeweza kutulia mpaka jioni. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi kwenye suruali, akaelekea tambarare. Nilimwita. Hakugeuka. Nilimtazama mpaka sweta lake likachanganyika na majani ya kule chini, nikabaki nimepiga magoti mbele ya mlango ulio wazi, na yule mtoto mdogo akajigeuza usingizini.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mto ulikuwa umelowa, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi hata vidole vikagoma kufunguka. Nikasikia nje, kwa mbali, kengele za punda. Neema alikuwa amekodi mkokoteni wa punda wa kuhamisha vitu, na alikuwa ameniambia wataanza mapema kabla ya jua kali. Nikajifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, nikatoka bila kunawa uso.

Nilimkuta uani kwa mwenye nyumba wake, anafunga godoro la watoto juu ya mkokoteni kwa kamba ya katani. Watoto walikuwa bado wamelala ndani kwenye mkeka. Alinicheka kwa nilivyovaa, akaniambia nikae, chai iko jikoni. Nikasema sikai. Nilijua nikikaa nitakunywa chai, na nikinywa chai nitabeba vyombo vya jikoni kama tulivyokubaliana. Nikamwambia hapohapo nikiwa nimesimama, mwenye punda anasikia. Nilianza na kitanda na zile kalamu mbili. Nikamweleza nilichokikuta baada ya arobaini. Nikamweleza ndoto tangu kikohozi cha mlangoni, na neno alilonituma baba yake.

Neema hakupiga kelele. Aliniomba nimwonyeshe kwa mkono ni kiasi gani. Nikamwinulia vidole viwili. Alivitazama, kisha akageuka, akamwambia mwenye punda ashushe vitu. Yule bwana akauliza vyote? Akamjibu vyote. Hakusema lolote kuhusu nyumba, wala mabati, wala miezi aliyosimama juani na mafundi, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kutukanwa nikabaki natazama miguu yangu. Godoro liliposhushwa alilikalia palepale uani, kamba bado iko mkononi.

"Siku ile ulipotoka chumbani," akasema, "nilimcheka baba. Nilimwambia, unaona sasa, umetutesa miaka yote kwa ajili ya shimo la mbuzi. Hakunijibu. Mpaka anakufa alikuwa anaitikia salamu yangu tu."

Sikuwa nalijua hilo. Muda wote huo nilidhani uongo wangu ulimuumiza mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ameshazikwa. Nikakaa chini karibu naye, sikuthubutu kumgusa. Ndani ya nyumba mtoto mmoja akakohoa, wa pili akamwambia anyamaze.

"Kule ndotoni," Neema akauliza bila kunitazama, "alisema amenisamehe?"

Nilijua jibu analolitaka. Lilikuwa jepesi kulisema, lingempa usingizi, na hapakuwa na mtu yeyote duniani ambaye angeweza kwenda kulihakiki. Lilinijia hadi kwenye ulimi.

"Hakusema, Neema," nikamwambia. "Alinipa neno moja tu, na nimekuletea lote."